Doa jeupe katika jicho la mtoto

Kila mtu amekwisha kumwona mzee ambaye macho yake yameingia weupe. Ugonjwa huo twauita mtoto wa jicho. Lakini wengi hawajui ya kuwa hata mtoto mchanga aweza kuzaliwa nao. Mimi katekista, nikiandika majina ya watoto wa kubatizwa, nimeona macho ya namna hiyo mara kadhaa. Na wazazi hunijibu neno lile lile: «Tungoje kwanza akue, apate nguvu.» Neno hilo ndilo nataka kulikataza leo.

Nyuma ya mboni kuna lenzi, nayo ni safi kama kioo. Ikiingia ukungu, mwanga haupiti. Mzee aweza kungoja, kwa sababu ubongo wake ulijifunza kuona zamani. Munganga akiisha kuitoa lenzi mbovu na kutia nyingine, anaona tena. Mtoto sivyo. Ubongo wake hujifunza kuona katika miezi ya kwanza. Mwanga usipoingia haujifunzi, na baadaye hata jicho likisafishwa halioni vema. Kwa hiyo, ukungu ukiwa mzito, waganga wa macho hutaka kumpasua mtoto akiwa na majuma 6 hivi kama ni jicho moja, na kabla ya majuma 10 kama ni yote mawili.

Namjua mtoto aliyengojeshwa mpaka miaka 7. Alipasuliwa vizuri, mboni ikawa nyeusi; lakini katekisimu hawezi kuisoma, huisikiliza tu. Mdogo wake alizaliwa na ukungu ule ule, akapelekwa mapema. Huyo anavaa miwani minene, naye anasoma.

Wengine humshitaki mama, ama hutafuta mchawi. Mitume nao walimwuliza Bwana Yesu juu ya yule kipofu tangu kuzaliwa, nani aliyekosa. Akajibu ya kuwa si yeye wala wazazi wake. Mwaka 1941 munganga Norman Gregg, kule Australia, alitambua ya kuwa watoto wengi wenye ukungu huo mama zao waliugua rubela mwanzoni mwa mimba. Kwa wengine ugonjwa hufuata ukoo. Na mtoto mkubwa aweza kuupata akichomwa na kijiti mchezoni.

Basi, mama, mtazame mtoto mboni tangu siku za kwanza. Ukiona weupe, ama macho yanachezacheza bila kutulia, usitie maji ya majani. Weupe huo mara nyingine ni kansa ya jicho, nayo huua. Nenda hospitali, uulize munganga wa macho yuko wapi. Kisha kupasuliwa, shika maagizo ya miwani na ya kufunika jicho lililo zima, hata ikiwa miaka. Ikiwa nauli imekosa, uza mbuzi. Mbuzi atanunuliwa tena. Majuma yale hayarudi.