Sanduku la Mifupa

Mhitimu wa udaktari wa miaka hii anaweza kutaja bila kigugumizi mifupa yote 206 ya mtu mzima na kuizungusha apendavyo kwenye skrini ya simu, lakini akikabidhiwa mtulinga mkavu, yaani mfupa mwembamba unaounganisha kidari na bega, kisha akaulizwa ni wa kulia au wa kushoto, mara nyingi hubaki akiutazama. Lawama haimstahili yeye, kwa kuwa hakuwahi kuachiwa mtulinga mkononi kwa muda wa kutosha. Osteolojia, ambayo ni elimu ya mifupa na alama zinazosomeka juu yake, imegeuka kuwa somo la macho, ilhali kwa vizazi vya kwanza vya wanafunzi wa tiba Afrika Mashariki ilikuwa kwanza kabisa somo la vidole.

Mafunzo ya tiba yalianza Makerere mwaka 1924. Dar es Salaam ikapata chuo chake cha udaktari mwaka 1963, kikafanywa kitivo cha chuo kikuu mwaka 1968, na baada ya kubadilishwa hadhi zaidi ya mara moja kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007, ingawa watu hawajaacha kukiita Muhimbili tu. Tarehe hizo zinatosha, kwa sababu vilivyobadilika ni vibao vya langoni. Ndani ya chumba cha anatomia harufu ilibaki ileile. Ilikuwa mchanganyiko wa fomalini, dawa ya kuhifadhia maiti ambayo huchoma macho na pua, pamoja na harufu nzito ya mafuta yaliyochacha, yanayoendelea kuvuja kutoka kwenye mifupa mirefu isiyosafishwa vizuri hata baada ya miaka mingi. Ilishika kwenye koti, ikashika kwenye daftari, na abiria wa basi la jioni waliitambua kabla mwanafunzi hajaketi.

Aliyeitawala harufu hiyo hakuwa profesa. Alikuwa fundi wa maabara, mtu ambaye mara nyingi hakuwa na shahada yoyote, aliyeitwa Mzee na wanafunzi na wahadhiri kwa pamoja. Kazi yake ilihitaji subira ambayo haikuandikwa katika mtaala: mifupa ililowekwa majini kwa majuma kadhaa hadi nyama iliyobaki iachie yenyewe, ikachemshwa taratibu kwa sabuni ili mafuta yatoke, ikang'arishwa kwa dawa, kisha ikaanikwa kivulini, kamwe si juani, kwa maana jua kali hupasua ganda la mfupa na kufuta alama zilezile ambazo mwanafunzi anatakiwa kuzisoma. Mifupa minane ya kifundo cha mkono, ambayo mdogo wake hauzidi punje ya njegere, aliitunga kwenye uzi wa kuvulia samaki kwa mpangilio wake halisi, na sanduku la mifupa aliloazimwa mwanafunzi liliporudishwa aliihesabu kwa kuipapasa huku akizungumza mambo mengine. Meno ndiyo yaliyopotea zaidi, kwa kuwa yalichomoka kwa urahisi na kubaki mifukoni mwa wasiojali. Kwa hiyo gego lililokosekana lilitosha kumzuia mtu kuazima tena muhula mzima. Wapo madaktari bingwa waliowasahau waliowafundisha darasani, lakini hawakumsahau yeye.

Mtihani uliogopwa kuliko yote ulikuwa wa mfuko. Mtahini aliweka mfupa ndani ya mfuko wa kitambaa, mwanafunzi akaingiza mkono bila kuruhusiwa kuchungulia, akautaja mfupa, upande wake na sehemu aliyoigusa. Kwa mtulinga, kidole kilitafuta kwanza ncha bapa, ambayo huelekea begani, halafu ncha nene ya mviringo inayokaa kwenye kidari, kisha mbinuko ulio karibu na kidari, ambao hutazama mbele, na mwisho mkwaruzo na mfereji wa upande wa chini. Aliyevikusanya vitu hivyo vinne aliujua upande bila kukisia. Pia ya goti, muundi, kombe la bega, hata kifandugu, kila kimoja kilikuwa na njia yake ya kupapaswa. Leo mtihani huo umefutwa katika sehemu nyingi kwa hoja kwamba unatisha, kana kwamba chumba cha upasuaji hakitishi.

Ni haki kusema pia kwamba kizazi hicho kilikuwa na upofu wake. Sanduku lilikaa chini ya kitanda cha bweni, aliyelala chumba kimoja na mwenye sanduku akilalamika kwamba hapati usingizi, na wenye nyumba za kupanga wakifukuza watu kwa sababu yake. Hata hivyo, ni wachache waliouliza mifupa ile ilikuwa ya nani. Mingine ilitokana na maiti zisizodaiwa na ndugu. Duniani kwa ujumla, soko kuu la mifupa ya kufundishia lilikuwa India, hasa Calcutta, ambako mifupa ya maskini ilisafishwa na kusafirishwa kwa meli hadi vyuo vya mabara yote, mpaka serikali ya India ilipopiga marufuku biashara hiyo mwaka 1985. Baada ya hapo bei ya mifupa halisi ilipanda na mifupa ya plastiki ikaingia, misafi, isiyo na harufu, na yenye kasoro moja kubwa: yote imetoka kwenye kalibu moja, hivyo haina mzee wala kijana, wala mwanamke aliyezaa.

Tofauti hizo ndizo kiini cha anthropolojia ya kimahakama, taaluma inayotumia mifupa kubainisha jinsia, umri, kimo na majeraha ya mtu asiyejulikana. Nyonga husema jinsia kwa uhakika kuliko fuvu. Ncha ya mtulinga iliyo kwenye kidari huwa ya mwisho kuungana na mwili wa mfupa, mtu akiwa katika miaka ya 20, na hivyo humtenganisha kijana na mtu mzima. Katika kimo, wanafunzi walifundishwa kanuni za watafiti Trotter na Gleser za mwaka 1952, zilizotokana kwa sehemu na askari wa Marekani waliokufa katika Vita Kuu ya Pili. Fupa la paja lenye sentimita 45 hutoa kimo cha takribani sentimita 168.5 kwa kanuni ya wanaume weupe na 165 kwa ile ya weusi, na marehemu wa Kigoma alipimwa kwa ile ya pili bila yeyote kuuliza askari mweusi wa Marekani anahusiana naye nini.

Miaka iliyofuata ilikwenda mbio. Mwaka 1996 kaburi la halaiki la Kibuye, Rwanda, lilichimbuliwa kwa ajili ya mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iliyokaa Arusha, na miongoni mwa wachunguzi alikuwamo Clea Koff, ambaye mama yake ni Mtanzania na ambaye alichapisha kumbukumbu zake za kazi hiyo mwaka 2004. Mwaka 2023 yakaja makaburi ya halaiki ya msitu wa Shakahola, Kenya, na kutoka Berlin matokeo ya uchunguzi wa mafuvu 1,135 yaliyochukuliwa zama za ukoloni, takribani 900 ya Rwanda na zaidi ya 200 ya Tanzania. Vipimo vya vinasaba vilikutanisha matatu na koo za Kichagga, mojawapo likiwa limeandikwa neno Akida.

Habari hizo zimewafanya wengi waamini kwamba maabara ya vinasaba imemaliza kazi ya vidole. Lakini sehemu ya fuvu inayohifadhi vinasaba vizuri kuliko karibu zote ni kipande kigumu kinachozunguka sikio la ndani, nacho katika kaburi la halaiki hupatikana kimevunjika, kimejaa udongo na kuchanganyika na vipande vya watu wengine, na kabla mashine haijawashwa lazima awepo mtu wa kukiokota na kusema ni cha kulia au cha kushoto, kusudi marehemu mmoja asihesabiwe mara mbili.