Hori Tupu

Kila mwaka, wiki ya kwanza ya Majilio, shule yetu hujenga pango la Noeli kwa udongo na majani ya migomba, kwa kufuata mfano wa Mtakatifu Fransisko wa Asizi kule Greccio, Italia, mwaka 1223. Hori huachwa tupu hadi mkesha wa Noeli. Masista ndio humlaza Mtoto humo, maana wanafunzi huwa wamekwisha kwenda likizo.

Mwaka jana tulikaa mbele ya pango hilo, walimu na wanafunzi, kuutazama muhula. Mkuu wa shule alitaja madawati yaliyotengenezwa na magunia ya mahindi yaliyovunwa. Tulipiga makofi. Mimi macho yangu yalikuwa yakimtafuta mvulana mmoja wa kidato cha pili. Mwezi Oktoba nilimrudisha nyumbani kwa kukosa ada. Karatasi niliitia sahihi mwenyewe, hata usoni sikumtazama. Akaukosa mtihani wa taifa wa Novemba.

Msichana mmoja aliuliza, “Sista, mbona hori halina mtu?”

“Nafasi yake tunaitunza, mwanangu.”

Jioni ile niliomba anwani ya mama yake yule kijana. Barua niliichana mara mbili. Ya tatu niliituma, pamoja na nauli ya basi.