Chujio la vifaranga na fedha ya kikoba

Katika nyumba nyingi ugomvi wa fedha hauanzi na fedha yenyewe. Huanza na kitu kidogo ambacho mmoja amekinunua bila kumuuliza mwenzake. Kwa familia moja ya Morogoro, kitu hicho kilikuwa chujio la tangi la samaki.

Wazo la ufugaji lilikuwa la mke. Alikopa kwenye kikoba, akanunua matangi mawili ya kioo na vifaranga wa kambale wa siku chache, ambao urefu wao haukufika hata sentimita moja. Alikusudia kuwalea stoo mpaka wafike ukubwa wa kidole, kisha awauzie majirani wenye mabwawa. Faida ilikuwa imeshapangiwa kazi: vifaa vya binti yao aliyekuwa anakwenda bweni.

Mume ni fundi umeme, na fundi hupenda mashine yenye nguvu. Jioni moja alirudi na chujio la mota, lile la kuning'inizwa ukingoni mwa tangi, linalovuta maji kwa bomba na kuyamwaga kama maporomoko.

"Mama watoto, sasa maji yatang'aa," alisema.

Mke alikuwa amefundishwa alikonunua vifaranga kwamba chujio la namna hiyo si la watoto wa samaki. Lakini watoto walikuwa wanatazama, na mume alikuwa anatabasamu. Akashukuru, akanyamaza.

Asubuhi kijana wao wa darasa la sita alifungua chujio. Ndani mlikuwa na vifaranga wengi waliokufa, na wachache waliokuwa bado wanajitikisa.

"Hao walikuwa dhaifu tu," alisema baba.

"Hawakuwa dhaifu. Walikuwa wadogo," mama alijibu.

Siku mbili zilizofuata nyumba ilikuwa na salamu tu. Siku ya tatu mume aliketi peke yake mbele ya tangi, akadondosha chembe za chakula karibu na mdomo wa bomba. Zilimezwa kabla hazijashuka chini. Alizima mota, akaling'oa chujio, akamwita mkewe.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa nini hukuniuliza? Mkopo una jina langu."

Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza. Mke alimweleza alichofundishwa. Kinachofaa ni chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa. Hewa hupanda ndani ya bomba kwa mapovu, na mapovu hayo huvuta maji kupitia kwenye sponji. Kwa kuwa mvuto umesambaa kwenye sponji yote, kifaranga akigusa hanaswi. Ndani ya sponji huota bakteria wanaobadilisha amonia, sumu inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula. Bakteria hao huhitaji wiki kadhaa kuongezeka, hivyo sponji mpya haiondoi kazi ya kubadilisha sehemu ya maji kila siku. Sponji huoshwa kwa kukamuliwa ndani ya maji yaliyochotwa tangini, kwa sababu klorini ya maji ya bomba huwaua bakteria. Sabuni hairuhusiwi kabisa.

Mume aliuliza swali la kifundi: umeme ukikatika? Mke hakuwa amelifikiria. Kambale mkubwa huweza kuvuta hewa juu ya maji, lakini katika wiki za mwanzo kiungo chake cha kupumulia hewa hakijakamilika; mapovu yakisimama kwenye tangi lililojaa, vifaranga hufa. Mume akatafuta pampu ndogo ya betri ya akiba. Pampu kuu akaipandisha kwenye rafu juu ya usawa wa maji, ili umeme ukizima maji yasirudi kwa mpira na kuiunguza.

Kijana naye alipewa kazi ya kutenganisha wakubwa na wadogo, maana kambale hulana wenyewe kwa wenyewe.

Waliouzwa mwishoni walikuwa pungufu ya hesabu ya mwanzo. Deni la kikoba lililipwa lote. Godoro na sanduku la binti vilinunuliwa. Sare ya pili ilisubiri mshahara.

Mume hakufanya ubaya kununua, wala mke hakufanya ubaya kumstahi mumewe mbele ya watoto. Lakini zawadi isiyoulizwa na ukimya usioelezwa vilikutana, na hasara ikawa ya binti. Tangu hapo wana daftari moja. Kila kinachonunuliwa kwa ajili ya samaki huandikwa humo kabla ya kununuliwa, na wote wawili hutia saini, hata kikiwa mpira wa hewa wa mita moja.