Runinga ya Merigi

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hutajwa mara nyingi panapozungumziwa chakula na malazi; ni nadra kuhusishwa na runinga. Hata hivyo, katika boma moja la Merigi, Bomet, runinga ndiyo iliyoleta wageni, na wageni hao wakageuka marafiki.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mkulima mmoja alitumia bonasi yake ya majani chai kununua runinga isiyo ya rangi. Umeme haukuwa umefika bomani. Betri ya gari ilipelekwa sokoni kuchajiwa, ikarudishwa kwa baiskeli. Antena ilifungwa kwenye mti mrefu, na mtoto mmoja aliizungusha mpaka walio ndani wapaze sauti kwamba picha imetulia. Idhaa iliyopatikana ilikuwa moja tu, KBC, ambayo hadi mwaka 1989 iliitwa Sauti ya Kenya. Betri ilipoanza kufifia, runinga ilizimwa ili ijiwekee akiba. Ilikuwa heri kuikosa taarifa ya habari kuliko kukatiziwa Vitimbi au Vioja Mahakamani.

Jioni za michezo hiyo, sebule ilijaa wachumaji chai, vijana na wazee. Mmoja alileta kuni, mwingine maziwa. Fundi viatu mmoja, mzaliwa wa Kisii aliyekuwa na kibanda sokoni, alichangia fedha za betri. Kikongwe asiyejua Kiswahili aliketi karibu na mjukuu wake, aliyemfasiria kila tukio kwa Kikipsigis. Kwa sababu hiyo kicheko cha kikongwe kilichelewa daima. Watu walizoea kukisubiri, nacho kilipofika kiliwachekesha upya.

Kilichochekesha zaidi ni lafudhi. Mzee Ojwang' wa Vitimbi alisema Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, ilhali mwigizaji wake, Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu. Wako wanaohoji kwamba kicheko cha aina hiyo hulisha dharau baina ya makabila. Hoja hiyo ina uzito. Lakini katika sebule ya Merigi, mwenye lafudhi hakuwa kwenye kioo tu. Alikuwa ameketi kando ya jirani yake. Fundi alimtania mwenye nyumba kwa kuliita shamba "samba" na bata "pata". Mwenye nyumba naye alimkumbusha kwamba kwao watu hawalali bali "wanarara". Kila mmoja alikuwa na deni na kila mmoja alikuwa na la kudai, hivyo hakuna aliyetoka akiwa ameonewa.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia ziliikumba nchi. Katika ukanda wa chai, wafanyakazi wengi waliotoka jamii nyingine walikimbia. Fundi aliondoka usiku, akiwa amebeba alichoweza. Waliokuwa wakicheka naye hawakumdhuru. Lakini pia hawakusimama barabarani kumtetea. Huo ndio ukweli unaopaswa kusemwa na yeyote anayesifu urafiki wa runinga. Mwenye nyumba alilichukua sanduku la zana za fundi, akalificha chini ya kitanda.

Mkataba wa amani ulitiwa saini tarehe 28 Februari 2008. Miezi kadhaa baadaye fundi alirejea, akalikuta sanduku lake likiwa salama. Alishukuru, akafungua kibanda. Hata hivyo, jioni hakuja tena kutazama. Alipoalikwa, alisema kazi ni nyingi. Mwenye nyumba hakumshurutisha, maana alijua ni nini kilichokuwa kinakataa.

Mwaka 2015 matangazo ya analojia yalizimwa nchini, na kila boma lenye uwezo likanunua kisimbuzi chake. Haja ya kukusanyika ilikuwa imekwisha. Kikongwe alikuwa amefariki. Mjukuu wake alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Kisha, mwezi Julai mwaka huo, ilitangazwa kwamba Benson Wanjau ameaga dunia. Jioni ile fundi alifunga kibanda mapema, akapanda mlima, akabisha hodi kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba. Alimpa mwenye nyumba mkono wa pole, kama mtu aliyefika matangani. Waliketi, chai ikamiminwa, wakatazama taarifa ya habari hadi mwisho, wasiizime.

Kicheko cha pamoja hakikuizuia chuki ya mwaka 2008, na si haki kukitwika mzigo huo. Kilichofanya ni kidogo zaidi: kiliwapa watu wawili wa lugha mbalimbali marehemu mmoja wa kumlilia, na kwa msiba huo fundi akapata sababu ya kurudi mlangoni. Kabla hajaondoka, mwenye nyumba alimuuliza kama ataweza kupita tena kesho. Fundi alijibu kwamba atapita, mradi asilazimishwe kwenda "sambani".