Haba na Kibaba

Kwa miaka mingi, katika masomo yangu ya insha, nilikuwa nikiwatolea wanafunzi habari za Wachatisti wa Uingereza kuwa mfano wa jitihada iliyoshindwa. Mwaka 1838 mafundi na vibarua walitangaza Hati ya Watu, yenye madai sita. Mojawapo lilikuwa kura kwa kila mwanamume aliyetimiza miaka 21. Walipeleka maombi Bungeni mwaka 1839, 1842 na 1848. Ombi la pili lilikuwa na saini zaidi ya milioni 3. Yote yalikataliwa. Hapo nilifunga kitabu.

Siku moja mwanafunzi aliniuliza, "Mwalimu, watu hao walipokataliwa, kesho yake walifanya nini?"

Sikuwa na jawabu, na haya ilinishika. Haba na haba hujaza kibaba. Mimi nilikitazama kibaba, haba sikuziona.

Ndipo nilipokisoma kitabu alichokihariri Asa Briggs mwaka 1959, kinachoisimulia harakati hiyo mji kwa mji. Katika Leicester niliwakuta wafumaji wa soksi waliolipa kodi ya mitambo wasiyoimiliki, hata kazi ilipokuwa chache. Katika Newport, Wales, tarehe 4 Novemba 1839, wachimba makaa na wafua chuma walishuka kutoka mabondeni baada ya usiku wa mvua. Askari wakawapiga risasi hotelini, na watu wapatao 20 au zaidi wakafa. Katika Leeds wengine walisimama katika uchaguzi, wakaingia baraza la mji katika miaka ya 1840. Hati ilikuwa moja. Dhiki zilizowafanya watu waitie saini zilikuwa mbalimbali, na kila mji ulitafuta njia yake.

Jawabu, basi, ni hili: kesho yake walirudi kazini, na wengi wao hawakuliacha jambo lao. Kura ya siri ilipatikana mwaka 1872, mshahara wa wabunge mwaka 1911. Kati ya madai sita, matano yamekuwa sheria. Lililobaki ni uchaguzi wa Bunge kila mwaka.

Mwanafunzi yule alikwisha hitimu kabla sijamjibu. Deni hilo nawalipa wanaokuja baada yake: siku hizi darasani huanza na Leicester, na neno "walishindwa" nimeliacha.