Taslimu kwa Simu, Deni kwa Jirani

Ndugu msomaji, kisa hiki si cha mtu mwingine, ni changu mwenyewe. Nakisimulia kwa haya, huenda kikamfaa mwenzangu.

Mtaani kwetu, hapa Mombasa, pana duka dogo ambalo mwenyewe sote twamwita Ami. Mtoto akitumwa sukari robo hupewa, akitumwa mafuta ya kikombe kimoja hupimiwa. Na siku ambayo nyumbani hamna kitu, Ami hufungua daftari lake akaandika. Kwa miaka mingi jina langu limekaa katika daftari lile, likifutwa mwisho wa mwezi na kuandikwa tena katikati yake.

Mwaka jana binti yangu alinionyesha namna ya kuagiza vyakula kwa simu. Wachagua mchele, unga na majani ya chai, walipa papo hapo kwa M-Pesa, na kijana wa pikipiki aja hadi mlangoni. Bei ilikuwa chini kuliko ya Ami, na mara za mwanzo hata gharama ya kuletewa hatukutozwa. Nikasema moyoni: kumbe Ami akitunyonya miaka yote hii!

Haukupita mwezi ila nilikuwa nimegeuza njia. Nikienda msikitini nilizunguka uchochoro wa nyuma, kwani Ami alikuwa akinidai shilingi 3,200. Fedha za kumlipa nilikuwa nazo, lakini nilizipeleka kwenye simu.

Kisha mshahara ukachelewa. Mke wangu akamtuma mtoto kwa Ami kukopa unga. Ami alipima, akaandika, akasema: "Msalimie baba, mwambie sijamwona siku nyingi, inshallah ni mzima." Lau angalinitukana, yasingalinichoma kama maneno yale.

Nilipopata nilikwenda kumlipa, nikamwuliza habari ya bei. Akanijibu bila kinyongo: "Mwanangu, wale hununua kiwandani kwa lori. Mimi hununua katoni mbili kwa mwenye duka la jumla, naye ana faida yake. Bei wanayouzia wao, pengine mimi siipati hata ya kununulia." Basi haukuwa ulafi, ulikuwa udogo wa mtaji. Nami nilimhukumu mtu bila kumwuliza.

Ama ule urahisi wa mwanzo, nao una siri yake. Faida ya vyakula ni ndogo, na kumfikishia kila mtu mlangoni ni gharama. Mwenye mtaji mkubwa aweza kuvumilia hasara ili avute wateja, akitumai kuifidia baadaye. Wengine mtaji huwaishia njiani. Kule Marekani, Webvan ilijenga maghala makubwa kabla ya kupata wanunuzi wa kutosha, ikafilisika mwaka 2001. Hapa Kenya, Jumia Food ilifunga kazi mwishoni mwa 2023. Hata maduka makubwa ya kawaida hayana dhamana: Nakumatt ilipata kuwa kubwa kuliko yote nchini, na Januari 2020 wadai wake wakakubali ivunjwe. Wakubwa wakiondoka, au wakibaki peke yao wakapandisha bei, twarudi wapi ikiwa duka la jirani limekwisha kufungwa?

Sisemi kuagiza kwa simu ni haramu. Kwa mgonjwa na mzee asiyeweza kutoka ni neema. Wala sisemi mwenye kupunja mizani alindwe kwa kuwa ni jirani. Mtume (S.A.W.) alikataza kuilaki misafara nje ya mji na kununua mali kabla wenyewe hawajaijua bei ya soko. Yaani watu washindane, lakini kwa uwazi na bila kumdhulumu mtu.

Dhuluma yangu mimi ilikuwa hii: Ami nilimfanya wa kunikopesha tu, na fedha taslimu nikampa mwingine. Duka haliishi kwa daftari. Haki ya anayekuvumilia siku ya shida ni kununua kwake siku ya neema pia.

Siku hizi simu yangu ningali naitumia, lakini deni la Ami hulitanguliza, na unga na sukari hununua kwake kwa fedha mkononi. Msikitini napita njia ya mbele.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kulipa haki za watu kabla hatujadaiwa. Amin.