Kabla Hujalifunga Shanta la Mwanao

Ndugu msomaji, ikiwa unaye kijana katika shule ya sekondari, huenda siku moja ataingia nyumbani jioni na karatasi mkononi, akakukabidhi huku uso wake ukimeremeta kwa furaha. Karatasi hiyo itakuambia kwamba darasa lake linakwenda kupiga kambi, kwamba watalala katika mahema, na kwamba kila mwanafunzi anatakiwa kuchukua vitu kadha wa kadha. Karatasi ya namna hiyo iliingia nyumbani kwangu mwaka jana, mwishoni mwa Juni. Nakuomba unisikilize niliyoyafanya nayo, maana mengi niliyafanya vema, na moja nilikosea vibaya.

Binti ninayeishi naye ni wa dada yangu mkubwa, aliyeko Songea na mumewe. Kwa mila zetu ni mwanangu, naye huniita mama mdogo. Alikuja kwangu Dar es Salaam kuanza kidato cha kwanza. Siku dada aliponikabidhi mtoto hakuwa na maneno mengi. Alinipa kifuko cha kitambaa chenye dawa ya kuvuta ya pumu, akasema, "Mdogo wangu, hii isimwache hata siku moja." Nami nikaitika.

Safari yenyewe ilikuwa ya wanafunzi wa jiografia, kwenda kulala siku tatu katika milima ya Usambara, kandokando ya msitu wa Magamba, juu ya mji wa Lushoto. Niliposoma jina hilo nilishtuka kidogo, kwa kuwa miaka ya nyuma niliwahi kwenda huko kikazi, katika mwezi wa Julai, nikiwa na blauzi mbili na khanga. Usiku wa kwanza nililala nimevaa kila nguo niliyokuwa nayo, na bado meno yaligongana. Sisi tuliozoea joto la pwani husahau kwamba kadiri mtu apandavyo mlima ndivyo hewa inavyopoa, takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Katika msitu wa Magamba ardhi hufika zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Basi mtoto atokaye Dar es Salaam asubuhi huweza kujikuta jioni ile ile katika baridi ambayo mwili wake haujapata kuijua.

Kwa hiyo nilijitia bidii. Karatasi ilitaka mfuko wa kulalia, nami nilipoulizia bei yake dukani nilirudi nyuma. Niliupata katika mitumba, umechakaa kidogo lakini ni mzito na mkavu. Nikanunua sweta mbili za sufi, kwa sababu pamba ikilowa hukaa na maji na kumpoza aliyeivaa, ilhali sufi hata ikiwa na unyevu huendelea kuhifadhi joto. Nikatafuta mkeka mwepesi wa kutandika chini. Jambo hili wengi hulipuuza. Humfunika mtoto mablanketi mawili juu, na chini wakamwacha juu ya ardhi tupu, na ardhi hiyo ndiyo inayomnyonya joto usiku kucha.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, basi nilinunua nailoni ya kupimwa kwa mita, nikaishona gunia la kutanguliza ndani ya shanta ili nguo zisilowe. Nguo za kulalia nilizifunga peke yake, nikamwambia zisivaliwe mchana hata kama anaona baridi, ili usiku awe na hakika ya vazi kavu. Koti la mvua nikaliweka juu kabisa, maana mvua ya mlimani haimngoji mtu apekue. Viatu nilimpa vile vya zamani alivyovizoea, kwani viatu vipya huchubua miguu kabla ya kufika popote.

Hadi hapo, ndugu msomaji, sidhani kama utaniona nina kosa. Lakini sikukoma hapo. Niliongeza sufuria, ingawa shule ilikuwa na masufuria ya kundi zima. Niliongeza kilo mbili za mchele, chupa ya asali, taulo mbili, pasi ndogo ya mkaa (naam, pasi!), na kitabu cha hesabu asije akasahau masomo. Yote haya niliyafanya usiku, binti akiwa amekwisha kulala, kwa kuwa nilijiona najua zaidi. Asubuhi tulilipeleka shanta kwa jirani mwenye duka, tukaliweka juu ya mizani. Lilikuwa kilo 17. Binti mwenyewe ana kilo 46. Waliozoea kutembea milimani hushauri kwamba mzigo wa mgongoni usizidi moja ya tano ya uzito wa mbebaji, yaani kwake yeye kama kilo 9. Jirani alicheka. Binti hakucheka, wala hakusema neno. Nami nikamwambia, "Utazoea."

Waliondoka Ijumaa saa kumi na moja alfajiri kwa basi la kukodi. Saa tatu nikaingia chumbani kwake kutandika kitanda. Chini ya godoro nilikuta sufuria, asali, pasi na kitabu, vimepangwa vizuri. Nilicheka peke yangu. Kisha nikaona kile kifuko cha kitambaa.

Nilimpigia simu mwalimu. Walikuwa wamekwisha kupita Chalinze. Mwalimu, Mungu ambariki, hakunilaumu. Aliahidi kwamba watakapopita Lushoto ataulizia katika maduka ya dawa. Alasiri alinipigia kusema kwamba duka aliloliwahi lilikuwa na vidonge tu, nasi hatukuthubutu kumbadilishia mtoto dawa bila daktari. Mimi wakati huo nilikuwa nimekwisha kwenda kituo cha mabasi, nikamkabidhi kondakta wa basi la mchana la Lushoto kile kifuko, nimekifunga katika bahasha yenye jina la mwalimu na namba yake ya simu. Basi lingefika usiku, na kambi ilikuwa mbali na mji. Mwalimu angeshuka kukichukua alfajiri.

Usiku mmoja basi. Sijui kama unajua usiku mmoja unavyoweza kuwa mrefu. Hewa ya baridi, moshi wa kuni na mbio za vijana, yote matatu ni mambo yanayoweza kuamsha pumu, na yote matatu yalikuwa pale kambini. Saa mbili usiku dada alipiga simu kutoka Songea, kuuliza kama mtoto amefika salama. Nilimjibu kwamba amefika. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote, nami nilipokata simu niliona haya mbele ya nafsi yangu.

Jumamosi saa moja asubuhi mwalimu alinipigia. Dawa ilikuwa mkononi mwa binti. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba saa nane usiku kifua kilimbana, msichana aliyelala naye hemani akakimbia kumwamsha mwalimu, wakamketisha ndani ya gari mbali na moshi, dereva akiwa tayari kumshusha hospitali. Kwa bahati kifua kilifunguka. Nasema kwa bahati, kwa kuwa hapakuwa na jingine lililomwokoa.

Aliporudi Jumatatu, ananuka moshi na amejaa hadithi za msitu, sikumgombeza. Nilimwuliza tu kwa nini aliiacha. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mama mdogo, mzigo ulikuwa mzito, ikanibidi nipunguze. Na ile dawa sikutaka wenzangu waione. Darasani hakuna anayejua."

Miaka miwili na nusu nimekaa na mtoto huyu, nikihesabu pumzi zake usiku, wala sikuwahi kumwuliza kama ugonjwa wake unamtia haya. Ningalimwuliza usiku ule wa kufungasha, lakini nilikuwa peke yangu na shanta, najaza. Mtoto aliyefungiwa mzigo na mtu mwingine haujui mzigo wake. Akilemewa atatoa kile anachokichukia kwanza, si kile kisicho na kazi.

Jioni ile nilimpigia dada, nikamweleza yote tangu mwanzo. Alikaa kimya hata nikadhani simu imekatika. Kisha akaniambia, "Mpe simu mwanangu niongee naye," nao wakaongea saa nzima. Mimi nilitoka uani.

Basi, mzazi mwenzangu, karatasi hiyo itakapoingia nyumbani kwako, usiifanyie kazi peke yako. Kaeni chini na kijana wako, mtandaze kila kitu juu ya mkeka, naye akueleze kila kimoja atakitumia saa ngapi na kwa kazi gani. Asichoweza kukieleza kibaki. Kile anachokitazama pembeni, muulize. Dawa zake zikae mfuko wa pembeni ambao mkono unafika gizani, na mwalimu ajue kabla ya safari, kwa idhini ya mtoto mwenyewe. Mwisho, mwache alifunge shanta kwa mikono yake, alibebe, azunguke nalo uani mara tatu.

Mwaka huu wanakwenda tena, safari hii Morogoro, katika milima ya Uluguru. Juzi binti aliandika orodha yake mwenyewe na kuibandika mlangoni. Dawa ya kuvuta ameiandika namba moja. Kando yake ameongeza jina la yule msichana waliyelala naye hema moja, na maneno haya: "anajua inapokaa."